Usinunue Namba, Nunua Mshono!

Simama hapo hapo, ndugu yangu! Kabla hujaingia Kariakoo na fedha mfukoni, kabla muuzaji hajakufungulia boksi, kabla hujatamka "nipe hii", simama unisikilize!

Kweli unaijua. Umeijua siku nyingi. Unajua kwamba mashine ya kwanza ya kuchomelea ya MIG haichaguliwi kwa rangi, haichaguliwi kwa namba iliyopakwa ubavuni, haichaguliwi kwa sababu jirani anayo. Unajua! Na bado kila ukipita dukani macho yanakimbilia ampea 250, yanakimbilia 300, yanakimbilia bei iliyoshushwa, na moyo unakuambia: chukua kubwa, mengine utayaona mbele ya safari.

Hayo mengine ndiyo yatakayokuumiza! Umeme wa nyumba yako umo katika hayo mengine. Gesi imo. Macho yako yamo, mapafu yako yamo, mtoto wa jirani anayechungulia juu ya ukuta naye yumo. Vyote umevisukuma hadi siku usiyoitaja. Geuka! Geuka leo, fedha ingali mkononi mwako!

Ingia kwenye banda lako sasa hivi. Shika vyuma unavyovifanyia kazi, uvipime kwa kaliper, usivikadirie kwa jicho. Utakuta bomba za mraba za grili, za milimita 1.2 au 1.5. Utakuta bati la geti. Utakuta engo ya milimita 3, pengine ya 4. Sasa sikia kanuni ambayo mafundi huanzia: kila milimita moja ya unene wa chuma cha kawaida hudai takriban ampea 40. Milimita 1.5, ampea 60. Milimita 3, ampea 120. Milimita 4, ampea 160.

Basi hiyo 300 ni ya nini? Ni ya kazi ipi? Utaifanya lini?

Mashine ya kweli ya ampea 160 hadi 200 inakutosha! Itakushonea geti, itakushonea kitanda, itakushonea toroli. Lakini iulize pia inashuka hadi wapi. Wengi huuliza juu tu. Wewe uliza chini! Mashine isiyoweza kutulia kwenye ampea 30 au 40 itakutobolea bati, itakupindia bomba, itakuvunja moyo mapema, kwa maana mtu anayeanza hushindwa kwenye chuma chembamba kabla hajafika kwenye kinene.

Sasa geukia ukuta. Angalia soketi yako!

Nyumba yako inapata volti 230, fezi moja. Plagi yetu ya pini tatu nene imepimwa kwa ampea 13, na haijapimwa kwa zaidi ya hapo. Ukichomelea kwa ampea 200, moto wa tochi unafanya kazi kwenye volti kama 24. Zidisha: wati 4,800 kwenye ncha. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, na ukutani unavuta zaidi ya wati 5,500, yaani karibu ampea 24! Kwenye plagi ya 13! Kwenye waya ambao mjenzi aliuvuta kwa ajili ya pasi na redio!

Plagi italainika. Soketi itageuka nyeusi. Waya utachemka ndani ya ukuta, mahali usipouona, usipounusa, usipoweza kuuzima. Na muuzaji, akitaka kukufurahisha, atakufungia plagi ile ile mbele ya macho yako na kukuambia twende kazi. Usikubali!

Mwite fundi umeme kabla hujanunua mashine. Nasema kabla! Akuvutie laini ya peke yake kutoka meini swichi hadi bandani, yenye sakiti breka yake, yenye ethi ya uhakika, yenye waya ambao kwa kazi hii kwa kawaida hauwi chini ya milimita 4 za mraba. Saizi kamili aamue yeye baada ya kupima umbali. Na ule waya mwembamba wa kurefushia umeme, uliozoea kuwasha taa ya shughuli, uondoe kabisa katika mawazo yako! Unaiba volti njiani, mashine inakosa nguvu, mshono unakuwa dhaifu, nawe unailaumu mashine.

Kama leo huna uwezo wa laini hiyo, usikate tamaa. Chomelea chini ya ampea 90, kwenye bati na bomba nyembamba, na plagi ya 13 itakubebea. Lakini hapo sema kweli mbele ya nafsi yako: una karakana ya ampea 90. Ukinunua ya 250 utakuwa umelipia namba ambayo ukuta wako hauwezi kuilisha.

Nenda nyuma ya mashine yoyote dukani. Inama. Soma bati la maelezo! Hapo ndipo mtengenezaji anapobanwa kusema kweli. Utaona herufi X na asilimia pembeni yake. X ya asilimia 20 kwa ampea 160 maana yake ni hii: katika dakika 10 unachomelea 2, na 8 zilizobaki mashine inapumzika. Dakika 2! Ukilazimisha, taa ya joto inawaka na kazi inasimama. Na mashine isiyo na kinga hiyo inaungua.

Tena kuna jambo ambalo halitangazwi sana. Kipimo cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60974-1, kinataka asilimia hiyo ipimwe kwenye joto la nyuzi 40. Ziko mashine za bei ya chini ambazo asilimia yake imepimwa kwenye joto la nyuzi 20 au 25. Na wewe unafanyia kazi wapi? Dar es Salaam, chini ya mabati, mwezi wa pili! Asilimia iliyopatikana kwenye ubaridi huyeyuka hapo. Muulize muuzaji joto la kipimo. Akikosa jibu, tafuta kitabu cha mashine usome mwenyewe. Kitabu kikinyamaza, iache mashine hiyo!

Pia utaona I1max kwenye bati hilo. Hiyo ndiyo ampea ya juu kabisa ambayo mashine itavuta ukutani kwako. Namba hiyo ndogo, iliyochapwa kwa herufi ndogo, ina uzito kuliko 250 iliyopakwa rangi nyekundu ubavuni. Iandike! Mpelekee fundi umeme wako!

Je, gesi umeifikiria? Umemuuliza nani? Mtungi wa kwanza utaupata wapi, na ukiisha utajaziwa wapi?

MIG bila gesi yake inatoa mshono wenye vitundu vitundu, mshono unaovunjika kwa nyundo ndogo. Kwa chuma cha kawaida unaweza kutumia kabonidioksidi tupu: inapenya vizuri, inapatikana kwa bei nafuu, lakini inarusha matone mengi utakayoyasugua kwa grinda. Au unaweza kutumia mchanganyiko wa argoni 80 na kabonidioksidi 20: mshono unatulia, matone yanapungua, bei inapanda. Kwa fundi wa nyumbani anayeanza, mimi nasema kabonidioksidi haina aibu! Vyote viwili hutaka lita 10 hadi 15 kwa dakika zipite kwenye tochi, kwa regyuleta iliyo nzima, na mtungi ufungwe kwa mnyororo ukutani ili usianguke.

Na sikia onyo hili, kwa sababu limo midomoni mwa watu: mtungi wa gesi ya kupikia hauna kazi hapa! Inawaka! Inalipuka! Inaua! Oksijeni nayo haina kazi hapa: hailindi mshono, inauchoma. Akikushauri mtu, awe rafiki, awe shemeji, mkatalie.

Unaishi pwani? Basi upepo ni adui yako wa kila siku. Kusi ikivuma uwanjani inaifagia gesi juu ya mshono kabla haijafanya kazi yake, na kuongeza presha ya mtungi hakusaidii. Kama geti lako lazima lishonwe nje, utahitaji waya wenye dawa ndani, usiotegemea gesi. Na hapa wengi wanaangamia! Waya mtupu wa gesi hutaka tochi iwe upande wa chanya. Waya wenye dawa usiotegemea gesi kwa kawaida hutaka tochi iwe upande wa hasi. Mashine nyingi ndogo zinazouzwa kwa jina la "bila gesi" zimefungwa upande mmoja tu, haziwezi kugeuzwa, na siku ukitaka gesi utaambiwa ununue nyingine.

Fungua mlango wa ubavuni! Tafuta vichwa viwili vya kubadilishia chanya na hasi. Vipo? Endelea. Havipo? Funga mlango, shukuru, ondoka.

Ukiwa bado hapo mlangoni, angalia kinachosukuma waya. Kimejengwa kwa chuma au kwa plastiki? Rola inabana sawasawa? Inachukua koili ya kilo 5, au ile ndogo ya kilo moja peke yake? Waya ukisita, moto unasita. Moto ukisita, mshono unaharibika. Vuta tochi: inachomoka? Ncha zake za shaba zinauzwa mtaani, au ni za mashine hiyo moja tu duniani? Utazimaliza ncha, ndugu yangu, utazimaliza nyingi! Usijifunge kwa mashine ambayo ncha yake inaagizwa kutoka ng'ambo.

Waya uwe ER70S-6, wa milimita 0.8. Kwa bati jembamba sana, 0.6. Na usiuache ndani ya mashine wiki nzima kwenye hewa ya chumvi ya pwani! Utapata kutu, kutu itaingia kwenye mrija wa tochi, tochi itakwama. Utoe, uufunge kwenye mfuko wa plastiki, uuweke pakavu. Ni kazi ndogo, nawe unajua kuwa hutaifanya usipoamua tangu leo.

Sasa nafika kwenye hatari inayonifanya niandike kwa sauti hii.

Njia hii ya MIG ilitengenezwa mwaka 1948 katika taasisi ya Battelle, Columbus, Marekani, kwanza kwa ajili ya alumini. Mwaka 1953 Lyubavskii na Novoshilov walitangaza kutumia kabonidioksidi, na gharama ya kuchomelea chuma ikashuka. Sababu ya viwanda kuipenda ni kasi yake: waya unakuja wenyewe, mkono hausimami kubadilisha kijiti, mshono unatoka laini. Laini! Hapo ndipo mtego ulipo. MIG inaweza kukupa mshono mzuri kwa macho ambao haukushika chuma hata kidogo. Umelala juu tu. Mafundi huuita mshono baridi. Hutokea moto ukiwa mdogo kwa chuma kinene, hutokea mkono ukikimbia, hutokea chuma kikiwa na kutu na rangi ambavyo uliona uvivu kuvisugua.

Kwa kijiti, kosa huonekana. Kwa MIG, kosa hupendeza.

Na wewe, ukishapata mashine, watakujia. Mama wa nyumba ya tatu atataka stendi ya tangi la maji. Tangi la lita 1,000, ndugu yangu, ni kilo 1,000 za maji juu ya miguu minne uliyoishona wewe, na chini yake watoto wanachota! Shule itataka bembea. Kijana wa bodaboda atataka fremu yake ishikwe upesi, kesho ana safari. Utasema nini? Utasema mashine iliandikwa 250?

Jaribu leo, kwenye kipande cha kutupa! Shona vipande viwili vya milimita 3 kwa umbo la T, upande mmoja tu. Kibane kwenye vaisi. Kipige nyundo hadi kipinde juu ya mshono. Mshono ukivunjika na kubanduka ukiwa safi, haukushika: ongeza moto, punguza mwendo, safisha chuma, rudia. Ukipinda bila kuachia, umeanza kujua. Kisha kata kingine kwa grinda, ukipige msasa, uangalie kama mstari kati ya mshono na chuma umetoweka. Rudia hadi usihitaji kubahatisha! Na stendi ya tangi, bembea, fremu ya pikipiki, tela la gari, uviache kabisa mpaka fundi aliyekomaa akague mishono yako. Vyuo vya ufundi vya VETA vinafundisha uchomeleaji. Nenda, jifunze, mwombe mwalimu akukatie mshono wako mbele yako.

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nasema mnunue muuzaji pamoja na mashine. Mwambie awashe umeme. Mwambie ashone kipande cha milimita 3. Mwambie apunguze moto na ashone cha milimita 1.2 bila kutoboa. Muuzaji anayekataa kuiwasha mashine anayoiuza amekwisha kukujibu! Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, na wa Kamukunji, Nairobi, wanashinda na mashine hizi mchana kutwa. Waulize ni ipi inarudi kwa fundi kila mwezi na ni ipi vipuri vyake havipatikani. Watakuambia.

Lakini macho! Macho yako!

Miwani ya jua si kinga. Kufumba jicho moja si kinga. Kugeuza uso si kinga. Utachomelea mchana ukiona mambo ni shwari, na usiku utaamka macho yakiwaka kana kwamba yametiwa mchanga. Nunua helmeti ya kujitia giza yenyewe, giza namba 10 hadi 13, inunue siku hiyo hiyo, ulipie kwa fedha hiyo hiyo. Tundika pazia zito lisiloshika moto, maana mwanga ule humfikia pia mtoto aliyesimama mbali akishangaa. Vaa glavu, vaa shati la pamba la mikono mirefu. Mwanga huo unaunguza ngozi.

Na mapafu! Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka moshi wa kuchomelea katika kundi la kwanza, kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Si tetesi! Fungua banda pande mbili, washa feni ipeleke moshi mbali na uso wako bila kuupuliza mshono, vaa barakoa ya kuchuja mafusho. Bomba zilizopakwa zinki ndizo mbaya zaidi kwa anayeanza: ukizichoma bila kusugua zinki, jioni utatetemeka, utapata homa na maumivu ya mwili, utakimbilia kupima malaria. Na maziwa, ndugu yangu, hayaondoi moshi mapafuni. Tumeambiwa hivyo tangu zamani, tumekunywa, tumejifariji. Maziwa yanakwenda tumboni! Sugua zinki, simama upande upepo unakotoka, linda pumzi yako.

Chuma ulichokisafisha kwa dawa ya kusafishia breki, usikichomelee. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na joto na mwanga wa tochi huzigeuza kuwa gesi ya sumu kali inayoweza kuua. Usilichomelee tenki la mafuta tupu. Hilo lisikie mara moja na liwe la mwisho!

Nawe unayesubiri, nina neno na wewe pia. Umelinganisha mashine mwaka mzima. Umesoma, umeuliza, umeahirisha. Unangoja mashine isiyo na kasoro na bei isiyo na maumivu. Haipo! Kusubiri kwako si busara tena, ni woga uliovaa nguo ya busara. Ampea 160 hadi 200, inayoshuka hadi 30, inayogeuzwa chanya na hasi, inayochukua koili ya kilo 5, inayokubali na kijiti siku gesi ikiisha, yenye vipuri mtaani kwako: hiyo inatosha. Ukiipata, acha kutafuta.

Ila gawa fedha kwanza! Toa fungu la fundi umeme. Toa fungu la mtungi na regyuleta. Toa fungu la helmeti, glavu na barakoa. Toa fungu la waya na chuma cha kujifunzia, kingi. Kinachobaki ndicho cha mashine. Kikibaki kidogo, nunua mashine ndogo iliyo nzuri, au ngoja mwezi mmoja uongeze. Lakini usichukue hata shilingi kutoka fungu la macho kwenda kununua namba!

Jioni hii pima vyuma vyako na uandike unene wake. Kesho asubuhi, kabla ya duka, kabla ya boksi, kabla ya bei, mpigie simu fundi umeme, kisha muuza gesi aliye karibu nawe. Wakishakujibu wote wawili, nenda kanunue.